Kuugua Wiki Nzima Bila Jirani Kubisha Hodi: Je, Ujirani Mwema Umekwisha?

Swali: "Huu ni mwaka wangu wa tatu katika jengo la ghorofa lenye wapangaji wengi. Mwezi uliopita niliugua nikalala ndani wiki nzima, na hakuna jirani hata mmoja aliyebisha hodi kunijulia hali. Nilipopona nilikutana na mmoja wao kwenye ngazi, akanisalimu, akasema 'umepotea siku hizi', kisha akaendelea kushuka. Wazazi wangu wanasema zamani jambo kama hili lisingetokea. Je, watu wa leo wamesahau ujirani mwema, au kosa ni langu?"

Jibu:

Pole sana kwa maradhi, na nafurahi kusikia kwamba umepona. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, kama watu wamebadilika na kama wewe ndiye uliyekosea, nami nitajitahidi kuyajibu yote mawili bila kukufariji kupita kiasi wala kukulaumu. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi uliopo, nia ya kumsaidia jirani bado wanayo watu wengi, lakini kujuana kumepungua, na mahali ambapo watu hawajuani nia hiyo haipati njia ya kufika mlangoni kwako. Ingekuwa tatizo ni roho mbaya, usingekuwa na la kufanya zaidi ya kuhama au kuvumilia. Kutojuana kunatibika, na sehemu ya tiba hiyo iko mikononi mwako.

Nianze na kauli ya wazazi wako, ambayo ina ukweli lakini inahitaji kupimwa. Malalamiko kwamba majirani hawatendeani inavyopasa ni ya kale sana. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na katika hadithi mashuhuri Mtume Muhammad anaeleza kwamba Jibrili aliendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Usia unaokaririwa kiasi hicho huelekezwa kwa watu wanaouhitaji. Kama kila mtu wa zamani angekuwa akimjali jirani yake bila kusukumwa, wahubiri wa dini zote wasingehangaika kulisema jambo hilo kizazi baada ya kizazi.

Kilichowafanya watu wa zamani wabishiane hodi, kwa sehemu kubwa, kilikuwa uhitaji. Mtu ambaye hakuwa na bima, hospitali ya karibu, simu wala akiba ya fedha alitegemea watu wanaomzunguka katika uzazi, moto, wizi, ugonjwa na mazishi, na alijua fika kwamba akimnyima mwenzake leo, kesho atanyimwa yeye. Wema ulikuwepo, sina shaka, lakini ulikuwa umeshikizwa na lazima, na lazima hiyo ilipolegea wema nao ukabaki bila kiegemeo. Kulikuwa pia na gharama ambayo wanaosimulia zamani huisahau. Jirani aliyejua kwamba unaumwa alijua vilevile nani alikuja kwako usiku, umegombana na nani, na kwa nini mtoto wako harudi nyumbani. Mjane, mgeni wa imani nyingine au mtu aliyeishi tofauti na wenzake angeweza kupata mateso kutoka kwa majirani walewale ambao kwa wengine walikuwa msaada. Watu wengi walihamia mijini wakitafuta kazi, ndiyo, lakini wengi pia walihamia wakitafuta kuachwa bila kufuatwafuatwa. Mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1903 kwamba ukimya wa mtu wa mjini mbele ya jirani yake ni kinga: anayekutana na maelfu ya sura kila siku hawezi kuifungulia moyo kila moja. Kwa hiyo, huo unaouita ubaridi ulikwisha kuchunguzwa na wataalamu zaidi ya karne moja iliyopita.

Hata hivyo, sitaki kukuambia kwamba hakuna kilichobadilika. Nchini Marekani, utafiti mmoja wa kitaifa umekuwa ukiwauliza watu tangu mwaka 1974 ni mara ngapi hukaa jioni na jirani kwa mazungumzo. Katika miaka ya 1970 takriban watu 3 kati ya 10 walijibu kwamba hufanya hivyo mara kadhaa kwa wiki. Miongo minne baadaye walikuwa wamebaki takriban 2 kati ya 10, na wale wasiofanya hivyo kabisa walikuwa wameongezeka kutoka mtu 1 kati ya 5 hivi hadi karibu theluthi. Huo ni upungufu wa kweli. Tazama, lakini, kile kilichopimwa: ni kukaa pamoja jioni, yaani urafiki wa majirani, na si utayari wa kusaidiana. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuketi sebuleni kwako na bado akakimbia kukuzimia moto.

Wengi huitupia simu lawama yote, na hapo siungani nao. Mwanasosholojia wa Kanada Barry Wellman alichambua majibu ya wakazi wa East York, eneo la Toronto, waliohojiwa mwaka 1968, akitaka kujua watu wao wa karibu kabisa nje ya nyumba zao wanaishi wapi. Ni takriban 13 tu kati ya kila 100 ya watu hao waliokuwa wakiishi mtaa mmoja na mhojiwa. Wakati huo hakukuwa na intaneti wala simu ya mkononi. Gari, simu ya mezani na kazi ya mbali na nyumbani zilikuwa zimeshawawezesha watu kuchagua wandani wao popote, badala ya kuridhika na waliopangwa nao ukuta kwa ukuta. Wakazi wale hawakuwa wapweke, kwani walikuwa na watu wa kuwategemea. Ila watu hao walikaa mbali. Nadhani hali yako inafanana na yao. Huenda wiki ile uliyougua kulikuwa na watu waliokupigia simu, tena zaidi ya mara moja, lakini hakuna kati yao aliyeweza kukuletea dawa ndani ya dakika kumi. Kazi hiyo ni ya jirani, kwa sababu ya ukaribu wake tu, na hakuna rafiki wa mbali anayeweza kuirithi.

Sasa tuje kwenye jengo lako, kwa sababu maelezo yako yana jambo moja ambalo naona hukulipa uzito unaostahili. Jirani uliyekutana naye kwenye ngazi alikuambia umepotea siku hizi. Wewe umeyachukua maneno hayo kama ushahidi wa kutojali, nami nayasoma kinyume. Mtu asiyejali hagundui kwamba umepotea. Huyu alikuwa amezoea kukuona ukipita, akaona siku zinakwenda hupiti, na jambo hilo likamkaa akilini kiasi cha kulitamka mara tu alipokuona. Alikosa kitu kidogo sana, yaani kibali cha kubisha. Hakuwa na namba yako ya simu, pengine hajui jina lako, hajui kama ulisafiri au umepata mgeni, na hajui kama utafurahi au utakasirika akikugongea. Kati ya kuhisi na kutenda palikuwa na pengo, na katika pengo hilo ndimo wiki yako yote ilimopotelea.

Pengo hilo limechunguzwa sana, na uchunguzi wenyewe ulianza na kisa ambacho watu wengi wamekisikia kikiwa kimepotoshwa. Tarehe 13 Machi 1964, msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa kwa kuchomwa kisu karibu na nyumba yake huko Queens, New York. Gazeti moja kubwa la jiji hilo liliripoti wiki mbili baadaye kwamba majirani 38 walitazama mauaji hayo bila hata mmoja kupiga simu polisi wakati shambulio likiendelea, na kwa miaka mingi kisa hicho kikawa mfano wa dunia nzima wa kufa kwa ujirani. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba taarifa ile ilitiwa chumvi. Wengi wa waliotajwa walisikia kelele bila kuona lolote, shambulio la mwisho lilifanyika ndani ya mlango wa jengo mahali ambapo watu wengi wasingeweza kuliona, jirani mmoja alipiga kelele dirishani zilizomfukuza mshambuliaji kwa muda, na mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki na jirani wa marehemu alishuka mbio bila kujua kama muuaji bado yupo, akampakata mpaka gari la wagonjwa likafika. Gazeti lenyewe lilikuja kukiri upungufu wa habari ile miongo kadhaa baadaye. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi tunavyopenda kuamini kwamba majirani ni wabaya: uongo kuhusu watu 38 ulisafiri duniani kote, na mwanamke aliyeshuka ngazi akabaki karibu hajulikani.

Hata hivyo, habari ile iliwasukuma wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968 ambalo linaeleza jengo lako vizuri kuliko maelezo mengine ninayoyajua. Mshiriki alikaa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, kisha akamsikia mmoja wao akianza kupatwa na kitu kama kifafa. Pale mshiriki alipodhani kwamba ni yeye peke yake anayesikia, watu 85 kati ya 100 walitoka kuomba msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Alipodhani kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, idadi hiyo ilishuka hadi 31. Wale ambao hawakutoka hawakuwa wakistarehe; watafiti waliwakuta wakitetemeka na kutokwa jasho viganjani, wakiuliza kama yule mtu yuko salama. Kila mmoja alijua kwamba jambo linapaswa kufanywa, na kila mmoja alidhani kwamba mwingine ameshalifanya. Katika jengo lenye familia nyingi, hesabu ni ileile. Jirani wa kulia anadhani wa kushoto ndiye anayekufahamu, wa kushoto anadhani ndugu zako wako ndani, na mlinzi wa getini anadhani umesafiri. Ingekuwa nyumba mbili zinazotazamana peke yake porini, nina hakika ungebishiwa hodi siku ya pili.

Liko jambo jingine, nalo ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa linatokana na adabu. Watu wengi huacha kubisha hodi kwa kuogopa kusumbua, na watu wengi huacha kuomba msaada kwa hofu hiyohiyo. Watafiti Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha mwaka 2008 mfululizo wa majaribio ambamo waliwatuma watu kuwaomba wageni msaada mdogo, kama vile kujaza dodoso au kuazima simu. Kabla ya kwenda, waliotumwa kujaziwa dodoso tano walikadiria kwamba watalazimika kuwaomba watu takriban 20. Kwa kweli takriban 10 walitosha. Waombaji walikuwa wakiwaza usumbufu wanaoutia, na hawakuwaza jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa kawaida kumtazama mwenzake usoni na kumwambia hapana. Wewe ulilala ndani wiki nzima ukisubiri mtu abishe, na hukutaja popote katika swali lako kwamba ulimwomba mtu yeyote chochote. Sikulaumu, maana mgonjwa hana nguvu za kwenda kujieleza kwa watu asiowajua. Nasema tu kwamba milango yote ilifungwa na watu wenye heshima zao, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Majengo nayo yana mchango, na hapa wasanifu wanastahili kulaumiwa kuliko wapangaji. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo kikuu cha MIT, ambako wakazi walipewa nyumba bila kuchagua majirani. Walipoulizwa marafiki zao ni akina nani, asilimia 41 ya waliokaa mlango kwa mlango walitajana, na kwa waliokaa ncha mbili za ujia mmoja asilimia ilikuwa 10 tu, ingawa umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache. Waliokaa karibu na ngazi au masanduku ya barua walikuwa na marafiki wengi zaidi katika ghorofa nyingine, kwa kuwa watu walipita kwao. Kukutana bila kukusudia, mara kwa mara, ndiko kulikozaa urafiki. Jengo lenye lifti inayomtoa mtu kwenye gari na kumfikisha mlangoni, bila benchi wala kivuli wala ua wa pamoja, huwanyima watu nafasi hiyo, kisha tunashangaa kwa nini hawasalimiani.

Barabara nayo hufanya vivyo hivyo. Mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa sura lakini ikatofautiana kwa wingi wa magari, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1972. Katika mtaa uliopitiwa na magari takriban 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa kwa wastani na marafiki watatu mtaani. Katika ule uliopitiwa na magari takriban 16,000, hakufikisha hata mmoja. Wakazi wa mtaa wenye magari mengi walifunga madirisha, wakawaondoa watoto nje, wakaacha kukaa barazani. Mgeni angepita hapo na kusema kwamba watu wa mtaa huu wana roho ngumu.

Swali linalofuata ni kama nia niliyoitaja mwanzoni ipo kweli au ni matumaini yangu tu. Ushahidi bora hutoka katika maafa. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi lilipiga Kobe na maeneo ya jirani nchini Japani, na zaidi ya watu 6,400 wakafariki. Makadirio yanayotumika sana yanaonyesha kwamba takriban robo tatu ya watu waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na ndugu na majirani, kwa mikono na kwa zana za nyumbani, kabla vikosi vya uokoaji havijafika. Katika mji mdogo wa Hokudan, kwenye kisiwa cha Awaji kilichokuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, wakazi walijua hata chumba ambacho kila mzee wa jirani hulala, kwa hiyo walijua mahali pa kuchimba, na kufikia jioni hiyohiyo kazi ya kuwatafuta waliofukiwa ilikuwa imekwisha. Nia ilikuwepo Kobe na ilikuwepo Hokudan vilevile. Tofauti yao ilikuwa kujua nani analala wapi.

Lakini miezi sita tu baadaye, katikati ya Julai 1995, Chicago ilipata siku chache za joto kali lililofika nyuzi 41 za selisiasi, na watu 739 zaidi ya kawaida wakafariki, wengi wao wakiwa wazee walioishi peke yao, wengine wakikutwa nyuma ya milango na madirisha yaliyofungwa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale, yenye wazee maskini wanaoishi peke yao kwa kiwango kinachokaribiana. Eneo la kwanza lilipoteza watu takriban 40 kwa kila wakazi 100,000, la pili takriban 4. Maelezo yake ni kwamba katika eneo la pili barabara zilikuwa na watu, biashara na shughuli mchana kutwa, kwa hiyo mzee alikuwa na sababu ya kutoka na mtu wa kumwona asipotoka. Eneo la kwanza lilikuwa limepoteza biashara na wakazi, viwanja vingi vilikuwa vitupu, na wazee walijifungia kwa hofu.

Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Tetemeko lina kishindo, na kishindo chenyewe ndicho hodi. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba jirani yake ana shida wakati ukuta umelala chini. Joto halina sauti. Homa ya mtu aliyejifunika shuka katika ghorofa ya tatu nayo haina sauti. Katika shida za aina hii wema wa watu hautoshi hata ukiwa mwingi, kwa sababu hakuna aliyeambiwa, na namna pekee ya kujua ni kuwa na mtu anayefahamu mwenendo wako wa kila siku kiasi cha kushtuka ukibadilika, na mwenye ruhusa yako ya kuuliza. Ndiyo maana nasema kwamba uliyopata ni ya Chicago, si ya Kobe, na kwamba kipimo cha ujirani wa leo kiko katika shida hizi za kimya kuliko katika zile zinazoonyeshwa kwenye taarifa za habari. Hapo, nakiri, wazazi wako wana hoja, kwa kuwa uhitaji wa zamani uliwalazimisha watu kuonana kila siku, na kuonana kila siku ndiko kulikogundua homa.

Sasa nijibu sehemu ya pili, kama kosa ni lako. Nitakuuliza swali moja, nawe jibu moyoni: katika miaka hii mitatu, ni nani kati ya majirani zako aliyeugua? Haiwezekani kwamba katika jengo zima hakuna aliyelala kitandani wiki moja. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wao alisimulia kwao habari kama hii yako, na katika simulizi hiyo wewe ni mmoja wa wale ambao hawakubisha. Hukufanya hivyo kwa ubaya. Nao vilevile.

Ushauri wangu, basi, ni mdogo kuliko unavyoweza kutarajia. Usijaribu kulifanya jengo zima kuwa ukoo. Watu wawili au watatu wanatosha, na wachague kwa ukaribu wa mlango na kwa kufanana kwa ratiba kabla ya kuangalia umri au kazi. Wa kwanza ameshajitokeza: ni yule wa kwenye ngazi. Ukikutana naye tena mwambie ukweli, kwamba ulikuwa unaumwa na uko peke yako, mpe namba yako ya simu, umwombe yake, na umwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba akiona siku mbili hujapita, agonge. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu yanamwondolea hofu ya kusumbua na yanampa jukumu lenye jina lake. Nawe mwahidi vivyo hivyo. Ahadi ya upande mmoja huchosha haraka.

Omba vitu vidogo kabla hujahitaji vikubwa. Azima nyundo au ngazi, omba akupokelee kifurushi ukiwa kazini, muulize fundi gani hutengeneza mabomba vizuri, na ukiazima rudisha siku uliyosema. Watu wengi hudhani kwamba ujirani huanza kwa kutoa, lakini mtu anayetoa tu bila kuomba huwafanya wenzake wajione wadaiwa, na mdaiwa hukwepa njia ya anayemdai. Ukiomba jambo dogo unampa mwenzako nafasi ya kuwa mwema bila gharama, na unamfungulia mlango wa kukuomba na yeye.

Kuhusu makundi ya ujumbe ya wapangaji, ambayo huenda jengo lako tayari linayo, sina dharau nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Keith Hampton na Barry Wellman walifuatilia mtaa mpya pembezoni mwa Toronto ambako baadhi ya nyumba ziliunganishwa na intaneti ya kasi pamoja na orodha ya barua pepe ya wakazi, na nyingine hazikuunganishwa. Waliounganishwa waliwajua kwa majina majirani wengi zaidi, karibu mara tatu, na waliitumia orodha hiyo kuwabana wajenzi wa mtaa wao kwa pamoja. Chombo kinafaa, lakini kumbuka jaribio la mwaka 1968. Ukiandika kwenye kundi la watu sitini kwamba naomba msaada kwa yeyote, umewapa wote sababu ya kusubiri wengine. Tumia kundi kujulisha habari za maji, umeme na usalama. Unapougua, mwandikie mtu mmoja, kwa jina, umwambie unachohitaji hasa.

Wapo majirani ambao hawatafaa hata ufanyeje, wapiga muziki usiku wa manane, wambea na wagomvi, na ujirani mwema haukulazimishi kuwa karibu nao. Kwa hao, salamu na kuheshimiana mipaka vinatosha, na mgogoro wa kelele au uchafu upeleke kwa mwenye nyumba au msimamizi mapema, kabla haujageuka chuki. Ukimya nao ni haki ya jirani. Atakayekuitikia kwa ufupi asitake mazungumzo hajakutukana. Mwache na salamu yake, jaribu mlango unaofuata.

Na kama katika jengo hilo kuna mtu mzee anayeishi peke yake, anza na huyo kabla ya yule wa kwenye ngazi. Wewe ulipona ndani ya wiki moja. Yeye huenda asiwe na wiki ya kusubiri.